Tumepima dhahabu ya Kakamega. Dari nani amepima?

Mimi ni wa Kabras. Ukitaja Kabras, watu wanawaza miwa na raga, basi. Dhahabu ni mambo ya upande ule mwingine wa Kakamega. Lakini Desemba iliyopita binamu yangu, tuliyekaa dawati moja shule ya msingi, alinipeleka Shinyalu kuona shimo analochimba.

Nikachungulia. Kamba, tochi za kichwani, na chini kabisa tundu linaloingia kando, limeshikiliwa na miti michache ya mkaratusi. Nikamuuliza, "Mnajuaje hii miti inatosha?"

Akacheka. "Buda, ukisikia mchanga unadondoka, unatoka."

Wasee, hilo jibu limekataa kutoka kichwani mwangu. Nikaanza kusoma, na nikagundua swali langu lina historia ndefu.

Turudi 1931. Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, anapata dhahabu Kakamega. Wakati huo dunia iko kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, bei ya mazao imeanguka, walowezi wamefilisika. Wakasikia dhahabu, wakaja mbio na mahema yao. Shida moja tu: ardhi ilikuwa ya wenyeji, na sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba kipande cha hifadhi ya Waafrika kikichukuliwa, wapewe kipande kingine badala yake. Serikali ilifanyaje? Desemba 1932 ikabadilisha sheria. Sasa ungeweza kulipwa pesa tu, na baraza la wenyeji halikuhitaji kuulizwa kwanza. Ahadi ya miaka miwili, kwisha.

Mgodi mkubwa ukawa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega. Ulichimbwa chini ya ardhi kuanzia 1935 hadi ulipofungwa 1952.

Hii sehemu ya ardhi wengi tunaijua, au tunapaswa kuijua. Yenye haizungumzwi ni dari. Enzi zile, duniani kote, kuamua mgodi utie nguzo ngapi kulitegemea zaidi mbao, jicho la fundi na makosa ya waliotangulia. Hatua kubwa ya kuweka hilo kwenye mpangilio ilikuja 1946, Karl Terzaghi alipoandika jinsi ya kukadiria uzito wa mwamba utakaolalia matao ya chuma ya handaki. Halafu 1973 Bieniawski, Afrika Kusini, akatoa mfumo wa kuupa mwamba alama. Mwaka uliofuata, 1974, Barton, Lien na Lunde wa Norwe wakapitia mahandaki na mapango kama 200 yaliyokwisha kuchimbwa, wakatoa mfumo unaoitwa Q.

Angalia hizo tarehe tena. Rosterman ilikuwa imefungwa miaka 22 kabla ya Q. Elimu ya dari ilikuja wakati wenye mtaji wameshaondoka na mashimo yamebaki na sisi.

Na Q si uchawi. Ni maswali sita unayouliza mwamba. Ukitoboa na kutoa kipande kirefu cha jiwe, asilimia ngapi ni vipande vizima vya zaidi ya sentimita 10? Nyufa zinaelekea pande ngapi? Kuta za nyufa zinakwaruza au zinateleza? Ndani yake kuna udongo laini? Maji yanaingia kiasi gani? Mwamba umebanwa au umelegea? Kila jibu lina namba yake. Unagawanya na kuzidisha, unapata Q, kutoka 0.001 (mbaya kabisa) hadi 1000 (safi kabisa).

Tufanye mfano, namba ni zangu. Vipande vizima 60, nyufa za pande tatu (9), kuta zinazokwaruza kiasi (1.5), udongo laini ndani (4), pakavu (1), mwamba uliolegea karibu na juu (2.5). Hivyo 60/9 × 1.5/4 × 1/2.5 = 1. Upana unaoweza kuachwa bila nguzo, kwa kiwango kikali cha handaki la barabara kubwa, ni 2 × Q kwa kipeo cha 0.4. Yaani mita 2.

Sasa mvua ya Aprili inyeshe, maji yaingie kwa wingi na kuosha ule udongo kwenye nyufa. Namba ya maji inashuka kutoka 1 hadi 0.33. Q inakuwa 0.33, na upana unashuka hadi kama mita 1.3. Shimo ni lile lile, miti ni ile ile. Jana lilikuwa sawa, leo ni kaburi. Na hapo nazungumzia mwamba. Udongo mwekundu wa juu haumo hata kwenye hesabu hii, huo lazima ushikiliwe tangu mwanzo.

Najua mtasema binamu yangu hana mashine ya kutoboa jiwe. Kweli. Lakini kuhesabu pande za nyufa, kuzigusa, kuangalia maji, hayo ni macho na vidole. Mhandisi au mjiolojia mmoja anaweza kupita mashimo ya kijiji kizima na kuwaachia karatasi moja: hapa msipite upana huu, hapa ongezeni miti, mvua ikianza hapa msiingie. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na inataka kila kaunti iwe na kamati yao. Basi kibali kije na hiyo karatasi, si risiti peke yake.

Mwaka 1932 walihesabu bei ya ardhi bila kutuuliza. Leo kila gramu inayotoka inapimwa kwenye mizani, hadi nukta ya mwisho. Dari lililo juu ya kichwa cha aliyeitoa linapimwa kwa kusikiliza mchanga.

Kukhu wetu hajui kwamba binamu anaingia chini. Anadhani anauza simu mjini. Mvua ikinyesha usiku mimi ndiye nampigia, namuuliza tu amelala wapi.

Kama una mtu wako shimoni, mtumie hayo maswali sita leo.