Kabla ya Kununua CDI
Pikipiki nyingi za Kichina tunazopanda huku Mwera, Pangani, injini zake ni wajukuu wa Honda CG125, iliyotoka Japani miaka ya 1970 baada ya wahandisi kuona jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyoipigisha pikipiki kazi bila sevisi.

CG za mwanzo ziliwashwa kwa pointi: vibati viwili vinavyogusana na kuachana. Ikigoma, ulichomoa plagi, ukaigusisha kwenye injini, ukapiga kiki. Hakuna cheche? Ulizisugua pointi kwa msasa, safari ikaendelea. Miaka ya 1980, spea zilipoadimika nchini, ujuzi huo ndio uliokuwa spea.

Kisha ikaja CDI, kiboksi kilichozibwa. Hakisumbui sana, ila kikifa hakifunguliki. Basi siku hizi moto ukipotea tu, CDI ndiyo ya kwanza kulaumiwa, na kijana wa bodaboda anainunua kwa hela ya hesabu ya bosi.

Mimi nasema tufuate ule mpangilio wa zamani: plagi, koili, swichi, halafu waya wa ethi. Pwani hii chumvi huila bolti yake pale kwenye fremu, na dawa yake ni brashi ya waya tu.