Kanda ya mono kutoka ng'ambo ya ziwa

Jumamosi usiku, hosteli, Malimbe.

Wadau, leo sijagusa daftari. Rumeti kapata hedifoni mpya, nikaziazima nisikilize rekodi mbili za zamani nilizonazo kwenye flashi.

Ya kwanza: Chicago, Machi 1954. Fritz Reiner anaongoza orkestra ya mji huo wakipiga Strauss, "Also sprach Zarathustra". RCA Victor walirekodi kwa sterio, miaka 4 kabla santuri za sterio hazijaingia madukani. Jamani! Kanda inafanya "shhh" kidogo, lakini kila kundi la vyombo liko mahali pake, na ukubwa wa ukumbi unausikia kabisa.

Ya pili inatoka hapo ng'ambo tu, Kampala. Mwaka 1950 na 1952 Hugh Tracey alirekodi muziki wa ikulu ya Kabaka. Kuna entenga humo: ngoma 15, wapigaji 6. Wanne wanagawana ngoma 12 zenye sauti tofauti kama vibao vya marimba. Mmoja anapiga, mwenzake anachomeka mapigo yake katikati. Kwa kweli huu ndio muziki unaolilia sterio, ujue nani kapiga nini. Lakini kanda ni mono. Watu wote 6 wanatokea sehemu moja, utadhani wamefungiwa kwenye debe.

Nikaanza kulalamika. Rumeti akaniuliza, "Si warekodi upya tu?"

Nikanyamaza. Reiner alirudia kurekodi Strauss huyohuyo mwaka 1962, mitambo ikiwa bora zaidi. Huku kwetu, tarehe 24 Mei 1966, jeshi la Obote lilivamia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa II akakimbia, akafia London mwaka 1969. Ala za ikulu ziliharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Buganda ilipata Kabaka tena mwaka 1993, na wapo waliojitahidi kuifufua entenga, ila wapigaji wale wa 1952 hakuna wa kuwafuata tena.

Basi ile kanda ya debe nimeirudia mara tatu, bila kulalamika.

Wikiendi ijayo naenda Bujora na simu yangu kurekodi bugobogobo, hata upepo ukivuma kwenye maiki. Anayetaka tuongozane aseme. Nauli kila mtu yake!