Nyota Moja ya Dumila: Msafiri, Mfanyabiashara na Haki ya Kujibu

Anayetoka Morogoro mjini kwenda Dodoma kwa basi hufika Dumila baada ya mwendo wa saa moja na ushei. Ni mji wa njia panda: hapo ndipo barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu, na jirani tu, Magole, kuna njia ya Turiani. Pembeni mwa lami kuna mchele, nyanya na vitunguu, na kuna migahawa ambayo uhai wake wote umo katika dakika chache za abiria mwenye njaa.

Katika mmoja wa migahawa hiyo nilikula hivi karibuni nikiwa na wanafunzi wangu wawili. Mama mwenye mgahawa aliposikia wakiniita mwalimu, alikuja na simu janja ya kijana wake. Alitaka nimsomee kitu. Kwenye ramani ya Google, chini ya jina la mgahawa wake, palikuwa na nyota moja kati ya tano na maneno machache: chakula kibovu, huduma mbovu, msisimame hapa. Mwandishi alijitambulisha kwa herufi mbili tu. Maneno hayo yalikuwa na umri wa miezi minane, na hapakuwa na maoni mengine.

"Mwalimu, huyu alikula nini?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Inawezekana kabisa kwamba mtu yule alisema kweli, na kwamba siku hiyo maharage yalikuwa yamechacha. Lakini swali la mama yule ni swali la kihistoria, na katika mkoa huu wa Morogoro lina umri mkubwa kuliko simu. Kwa muda mrefu watu wanaopita hapa wamekuwa wakiandika hukumu juu ya watu wanaobaki hapa. Hukumu hizo zimesomwa mbali, na wanaohukumiwa mara nyingi hawakuulizwa.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipita kusini mwa Milima ya Uluguru wakielekea Ziwa Tanganyika. Burton alikaa Zungomero, kituo kikubwa cha misafara katika nchi ya Wakutu, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 alikieleza kituo hicho kwa ukali usiosaza kitu: maradhi, matope, watu wabaya, biashara mbaya. Ni kweli kwamba Zungomero ilikuwa mahali pa mateso, kwani biashara ya watumwa ilikuwa imeiharibu nchi ile. Hata hivyo, msomaji wa London hakuwa na njia ya kutenganisha ubaya wa mahali na homa ya mwandishi.

Jambo linalonivutia zaidi lilitokea mwisho wa safari hiyo. Waliporudi Zanzibar mwaka 1859, Burton alikataa kuwapa Said bin Salim, kiongozi wa msafara, na baadhi ya wenzake bakshishi walizozitarajia, kwa hoja kwamba hawakuitumikia kazi vyema. Kwa lugha ya leo tungesema aliwapa nyota moja, na nyota hiyo ikawa sababu ya kutolipa. Safari hii, hata hivyo, waliohukumiwa walikuwa na mahali pa kwenda. Walipeleka malalamiko yao kwa Balozi wa Uingereza, Christopher Rigby. Rigby aliyapokea, akaandika kwa Serikali ya Bombay, na hatimaye Burton akapata karipio rasmi. Lazima nimtendee haki Burton katika jambo moja: barua za mgogoro huo alizichapisha mwenyewe mwishoni mwa kitabu chake. Alizichapisha akijitetea na kumshambulia Rigby, lakini alizichapisha. Msomaji mwenye subira aliweza kufika ukurasa wa mwisho na kukuta kwamba kulikuwa na upande wa pili.

Miaka 12 baadaye akaja Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, kurasa zinazohusu Bagamoyo zinasomeka kama tathmini ya mteja aliyekasirika. Alihitaji wapagazi zaidi ya mia moja. Aliyemtafutia ni kijana mfanyabiashara ambaye Stanley analiandika jina lake Soor Hadji Palloo. Stanley anamlaumu kwa hesabu za udanganyifu na kusema kwamba alimsumbua kama matapeli wote wa New York wanavyomsumbua mkuu wa polisi wa mji huo. Lakini msomaji akiacha matusi na kufuata matukio, ataona kwamba wapagazi walipatikana, vikosi vitano vya msafara viliondoka mmoja baada ya mwingine, na kikosi cha mwisho, cha Stanley mwenyewe, kilitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871. Kazi ilifanyika. Huenda bei ilikuwa ya kulangua, nami siamini kwamba kijana yule alikuwa malaika. Lakini kitabu kile kiliuzwa sana, Ulaya na Marekani, na wasomaji wake wa mbali walimjua mtu huyo kwa yale tu aliyoyaandika mteja wake mwenye hasira.

Katika kitabu hichohicho yumo mfanyabiashara mwingine wa Kihindi, Tharia Topan wa Zanzibar, na huyu amesifiwa kwa uaminifu kuliko karibu mtu yeyote. Sina sababu ya kuupinga uaminifu wa Tharia, ambaye baadaye alipewa hadhi ya "Sir" na Malkia Victoria. Ninachokiona ni mpangilio wa sifa na lawama. Tharia alikuwa miongoni mwa wenye mitaji wakubwa wa Zanzibar, mtu ambaye msafiri yeyote angependa kubaki naye kwa wema. Kijana wa Bagamoyo hakuwa na nguvu hiyo. Kalamu ilimwelemea yule ambaye kumlaumu hakukugharimu kitu.

Kalamu hiyo ilibadilika pia kulingana na jinsi msafiri mwenyewe alivyopokewa. Stanley alipofika Simbamwene, mji wenye ngome uliokuwa hapa Morogoro chini ya mlima, kwanza aliusifu kwa uzuri wake. Kisha askari wake waliotumwa nyuma kumtafuta mpishi aliyetoroka wakazuiliwa na malkia wa mji, binti Kisabengo, na sauti ya kitabu ikageuka. Mbele yake kulikuwa na bonde la Mkata, kusini mwa Dumila ya leo, ambalo alilivuka wakati wa masika, maji yakiwa yametapakaa kila upande. Bonde lile analieleza kama nchi ya matope na maradhi. Wenyeji wa Kilosa wanajua kwamba bonde hilo lina majira yake. Aliyepita Dumila na Magole Januari 2014, mafuriko yalipovunja mawasiliano ya barabara kuu na kuzoa nyumba, aliona mji tofauti kabisa na ule wa Agosti. Msafiri huona siku moja na kuiandika kana kwamba ni mwaka mzima.

Je, kabla ya vitabu hivyo watu walijuaje nani wa kuaminiwa? Walikuwa na utaratibu wao. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo: wenye mitaji wa Zanzibar walitoa nguo, shanga na waya kwa wafanyabiashara waliokwenda bara, nao walilipa kwa pembe za ndovu waliporudi, pengine baada ya miaka. Mkopo wa namna hiyo hautolewi kwa uvumi. Sifa ya mtu ilibebwa na watu waliomjua kwa jina, ambao wangekutana naye tena, na ambao wangepata hasara wao wenyewe kama wangemsifu mwongo. Sisemi kwamba utaratibu ule ulikuwa wa haki. Ulifungamana na utumwa, na ulimfungia nje mtu asiye na jamaa wa kumdhamini. Lakini aliyetoa ushahidi aliweka kitu chake rehani.

Mmoja wa waliokopeshwa na Tharia Topan alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Huyu ndiye, kwa maoni yangu, mfano bora tulio nao wa mfanyabiashara aliyetathminiwa na akajibu. Mwaka 1876 Stanley alipatana naye amsindikize kuufuata Mto Lualaba, na mwaka 1887 akapatana naye tena ampatie wapagazi katika safari ya kumwokoa Emin Pasha. Safari ya pili ilipogeuka msiba kwa kikosi cha nyuma, Stanley alimtupia Tippu Tip lawama kwamba amevunja mkataba, akayaandika hayo katika kitabu cha mwaka 1890 na kufungua madai dhidi yake Zanzibar, madai ambayo hayakufika popote. Tippu Tip hakuwa mtu mwema. Utajiri wake ulijengwa kwa pembe na kwa watu waliotekwa, na historia haimsafishi. Lakini uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Humo Stanley ndiye mteja mbaya: mtu wa ahadi kubwa na malipo madogo. Leo mwanahistoria anayetaka kujua kilichotokea hulazimika kusoma vitabu vyote viwili. Soor Hadji Palloo hakumjibu Stanley kwa kitabu chake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye simu. Tofauti ya kwanza kati ya Stanley na abiria wa herufi mbili ni kwamba Stanley alitia jina lake. Ya pili ni kwamba alisafiri kweli. Siku hizi hata hilo si lazima. Mwaka 2017 mwandishi mmoja wa London, Oobah Butler, alisajili kibanda cha bustanini kwake kama mgahawa katika mtandao wa TripAdvisor. Rafiki zake wakaandika sifa, na kibanda ambacho hakikuwa kimempikia mteja hata mmoja kikapanda mpaka nafasi ya kwanza kati ya migahawa yote ya jiji lile. Mzaha ule ulionyesha biashara iliyokuwepo tayari, ya watu wanaouza sifa kwa bei. Marekani imeipiga marufuku kwa kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na ni vyema watunga sera wetu waone kwamba kanuni hiyo inagusa pande zote mbili: inakataza kununua maoni ya uongo, na vilevile inakataza kumtisha mteja ili afute maoni ya kweli.

Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na nadhani inatosha kumbana mfanyabiashara anayejiandikia sifa. Lakini kinachotajwa haraka zaidi mtu akilalamika mtandaoni ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kifungu chake cha taarifa za uongo. Hapo ndipo nawaomba watumishi wa umma wanaonisoma wawe waangalifu. Mkulima wa Dumila anayelazimishwa kujaza lumbesa, yaani gunia lililopachikwa kilemba juu ya kipimo halali, naye ni mtoa tathmini anaposimama na kumtaja mnunuzi. Mnunuzi ana lori, ana fedha, ana wakili. Tukimjengea mama wa mgahawa ukuta dhidi ya maoni ya uongo kwa kutumia jela, ukuta huohuo utamfunga mkulima mdomo.

Katika suala la lumbesa angalau kuna mizani. Wakala wa Vipimo huikagua na kuigonga muhuri, na mkulima na mnunuzi wote wawili wanaweza kuutazama. Nyota haina muhuri. Nyota moja ya mtu aliyekula na nyota moja ya mtu aliyekasirishwa na dereva wake zina uzito uleule kwenye ramani. Na sasa kwa kuwa, tangu katikati ya 2024, treni ya SGR inawapitisha wengi wa abiria wa Dodoma kwa njia ya Kilosa bila kuiona Dumila, kila mteja anayesimama pale ana thamani kuliko zamani.

Nilipaswa kukiri jambo mapema zaidi. Miaka michache iliyopita niliandika maneno makali, kwa jina langu kamili na shahada zangu, kuhusu nyumba ya wageni katika mji mmoja wa kanda hii, kwa sababu niliamka alfajiri na kukuta bomba halitoi maji. Baadaye nikaambiwa kwamba maji yalikatika mji mzima siku zile, na kwamba mhudumu aliyeniletea ndoo aliibeba kutoka mbali. Niliyafuta. Lakini yalikuwa yamekaa miezi kadhaa, na hakuna aliyenijibu, kwa sababu mwenye nyumba ile, kama mama wa Dumila, hakujua kwamba mahali pa kujibu papo.

Mahali hapo papo. Kijana wake alihitaji robo saa kuthibitisha kwamba mgahawa ni wao, kisha kisanduku cha majibu kikafunguka. Mmoja wa wanafunzi wangu alipendekeza waandike kwamba huyo ni mwongo. Mama alikataa. Alifikiri kidogo, akifuta mikono kwenye kanga yake, kisha akamwambia kijana aandike: "Pole mgeni wetu. Tuambie ulikula nini na siku gani. Ukipita tena shuka, tutakupikia upya." Kijana akabonyeza, mama akarudi jikoni, kwa maana basi la Dodoma lilikuwa limeshaingia.