Halifax ya Yorkshire: Nasaba Inayosomwa Kwenye Ardhi

Mji wa Halifax uko bondeni, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Pennines, katika jimbo la kale la Yorkshire kaskazini mwa Uingereza. Kwa karne nyingi jina lake halikuhusu mji peke yake bali parokia nzima, yaani eneo lote lililokuwa chini ya kanisa moja mama, na parokia hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kuliko zote nchini humo. Ndani ya eneo hilo la zaidi ya maili 100 za mraba kulikuwa na vitongoji 23, kuanzia Halifax yenyewe, Sowerby, Warley na Ovenden hadi Heptonstall, Wadsworth na Stansfield kuelekea mpaka wa Lancashire, na kila kitongoji kilikuwa na konstebo wake na desturi zake za kugawana mzigo wa kodi na wa maskini. Anayetafuta wazee wake katika Halifax hukutana na jambo hili tangu hatua ya kwanza: kujua majina hakutoshi mpaka ijulikane waliishi kitongoji gani, na ikiwezekana shamba gani, kwa kuwa kumbukumbu nyingi za eneo hilo ziliandikwa kwa kufuata ardhi kabla ya kufuata damu.

Majina yenyewe yanaeleza kwa nini. Majina ya ukoo yalipoanza kushika mizizi katika vilima hivyo, hasa katika karne ya 13 na ya 14, mengi yalikuwa majina ya nisba, yanayomnasibisha mtu na mahali alipokaa, na mara nyingi mahali penyewe hapakuwa mji wala kijiji bali shamba moja tu mlimani. Stansfield na Midgley ni majina ya vitongoji. Greenwood na Shackleton ni ya makazi madogo ya juu ya bonde la mto Calder. Murgatroyd na Ackroyd yanaishia kwa neno la kale la wenyeji la kutaja kiwanja kilichofyekwa msitu ili kilimwe. Familia iliyobaki karibu na shamba lake na kujaliwa wana wengi ililieneza jina hilo vitongoji vya jirani, hata ikawa kwamba katika karne ya 16 na ya 17 eneo la Heptonstall lilijaa akina Greenwood na akina Sutcliffe walioitana John, William na Thomas kizazi baada ya kizazi. Makarani wa wakati huo waliliona tatizo hili mapema kuliko wanahistoria, nao walilitatua kwa kuongeza jina la shamba baada ya jina la mtu, jambo ambalo leo ni msaada mkubwa mno kwa mtafiti, ingawa linamlazimu kuwa na ramani mkononi kila anapofungua daftari.

Hazina kubwa zaidi ni magombo ya baraza la milki ya Wakefield. Milki hapa ina maana ya eneo la bwana mwenye ardhi ambalo wakulima wake walishikilia mashamba kwa masharti ya kimila, na mambo yao yote ya ardhi yalipitia baraza la bwana huyo. Sehemu kubwa ya parokia ya Halifax ilikuwa ndani ya milki hiyo, na maandishi ya baraza, yaliyoandikwa juu ya ngozi na kukunjwa kwa mviringo, yamesalia kuanzia 1274 hadi 1925, na sasa yanahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Leeds. Mwaka 2016 yaliingizwa katika orodha ya Uingereza ya Kumbukumbu za Dunia chini ya UNESCO, heshima ambayo yanaistahili kikamilifu, kwa maana ni nadra kupata mahali ambapo watu wa kawaida, wasio na vyeo wala majumba, wameandikwa kwa mfululizo wa zaidi ya karne sita.

Kinachofanya magombo hayo kuwa kitabu cha nasaba ni utaratibu wa kurithishana mashamba. Mkulima alipofariki, mrithi wake alifika barazani, akatajwa kuwa mwana, binti au ndugu wa marehemu, akalipa ada ya kuingia, na karani akaandika kwa Kilatini shamba lilipo, ukubwa wake, na kiasi kilicholipwa. Kwa hiyo uhusiano wa damu uliandikwa kwa sababu ulikuwa ushahidi wa haki ya ardhi, na ushahidi wa namna hiyo huaminika kuliko kumbukumbu za familia zilizotungwa baadaye kwa ajili ya fahari. Kilatini hicho kiliendelea kutumika hadi 1733, isipokuwa kwa kipindi kifupi cha katikati ya karne ya 17 ambapo nchi haikuwa na mfalme, nacho ni kikwazo kidogo kuliko kinavyodhaniwa, kwa kuwa misemo ni ile ile inayorudiwa na anayejifunza maneno machache ya kisheria huanza kuisoma. Hata tauni kuu ya 1349 inaonekana humo: mfululizo wa mashamba yanayopokewa na warithi kwa pamoja, mengine yakichukuliwa na ndugu wa mbali kwa sababu wana walikwisha kufa, na nasaba nyingi zinazoweza kufuatwa huanza au hukatika katika mwaka huo mmoja.

Ardhi ya Halifax ilikuwa duni, yenye mvua nyingi na udongo usiozaa nafaka ya kutosha, na hilo ndilo lililowafanya watu wake waunganishe kilimo kidogo na ufumaji wa sufu. Sheria ya 1555 iliyotungwa mahususi kwa ajili ya parokia hiyo iliwaruhusu wachuuzi kuwauzia wafumaji sufu kidogo kidogo, na katika utangulizi wake ilieleza jinsi wafumaji maskini wasio na farasi walivyobeba sufu kichwani na mgongoni kwa mwendo wa maili kadhaa hadi nyumbani kwao. Wengine walifanikiwa, na mafanikio yao yamebaki yakisomeka kwenye mawe. Juu ya mlango wa nyumba nyingi za karne ya 17 katika vitongoji vya milimani kuna jiwe lililochongwa mwaka na herufi tatu: herufi ya jina la ukoo juu, ya mume upande mmoja na ya mke upande wa pili. Jiwe la namna hiyo halipaswi kupuuzwa, kwa sababu linamtaja mwanamke katika zama ambazo daftari la kanisa mara nyingi liliandika mtoto kuwa wa baba fulani wa kitongoji fulani bila kumtaja mama hata kidogo, na likilinganishwa na wasia pamoja na rekodi ya ndoa linaweza kurudisha jina ambalo lingepotea. Wasia wenyewe, kabla ya 1858, ulithibitishwa katika mabaraza ya kanisa ya York, na ndiyo maana nakala nyingi za watu wa Halifax ziko katika hifadhi ya Borthwick ya Chuo Kikuu cha York. Humo mfumaji hugawa vitanda vya kufumia, ng'ombe na majora ya kitambaa kwa watoto anaowataja mmoja mmoja.

Madaftari ya kanisa mama la Halifax, la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, yanaanza 1538, mwaka ambao Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Msomaji anapaswa kukumbuka kwamba kabla ya 1752 mwaka rasmi ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Februari 1700 kwa hesabu ya daftari alibatizwa Februari 1701 kwa hesabu ya leo, na wengi wamezikosea nasaba zao hapo.

Pengo zito zaidi kuliko la kalenda ni la dini. Vilima vya Halifax vilikuwa ngome ya Wakristo waliojitenga na Kanisa la Uingereza, na watoto wao mara nyingi hawamo katika daftari la parokia. Kwa bahati njema alikuwapo Oliver Heywood, mhubiri wa kanisa dogo la Coley tangu 1650, ambaye alifukuzwa 1662 kwa kukataa sheria ya ibada moja lakini akaendelea kuhudumu katika eneo hilo hadi kifo chake mwaka 1702. Heywood aliandika ubatizo, ndoa na vifo, vikiwemo vya majirani wasio wa kundi lake, na kazi hiyo, iliyoendelezwa na Thomas Dickenson na wengine hadi 1752, inajulikana kama Daftari la Northowram na ilichapishwa 1881. Hapana budi kusema wazi kwamba bila mtu huyo mmoja, familia nyingi za kitongoji cha Northowram zingeonekana kana kwamba zilitoweka kwa vizazi viwili. Kuanzia 1754 hali inabadilika kwa upande mmoja, kwa sababu sheria mpya iliwalazimu watu wote, isipokuwa Waquaker na Wayahudi, kufunga ndoa katika Kanisa la Uingereza. Hivyo wazazi wanaonekana kanisani Halifax siku ya ndoa, kisha watoto wao hutafutwa kwingine.

Maskini nao waliandikwa, na pengine kwa undani kuliko matajiri. Sheria ya makazi ya 1662 iliweka kwamba mtu asiye na uwezo atasaidiwa na mahali alipo na haki ya ukaazi tu, na katika parokia kubwa za kaskazini wajibu huo ulibebwa na kitongoji. Mtu aliyehamia kitongoji jirani na kuhofiwa kuwa mzigo alihojiwa na mahakimu kuhusu kuzaliwa kwake, bwana aliyemfundisha kazi na mahali alipofanya kazi kwa mwaka mzima, na majibu yake, yaliyoandikwa ili kuokoa fedha za walipa kodi, leo husomeka kama historia ya maisha.

Mwaka 1779 lilifunguliwa jengo la Piece Hall, soko la mawe lenye vyumba 315 ambamo wafumaji wa mashambani waliuza majora yao, lakini viwanda vya mashine vilikuwa tayari njiani. Katika karne ya 19 watu waliteremka kutoka mashambani kwenda bondeni, wengi wao kwenye kiwanda cha mazulia cha akina Crossley huko Dean Clough, na kwa mara ya kwanza kifungo kati ya jina na shamba kilikatika kwa umma mkubwa. Hapo msaada hutoka kwa usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulioanza Julai 1837, na kwa sensa, hasa ya 1851 na zilizofuata, zinazotaja parokia au mji wa kuzaliwa. Ile ya 1841 hutaja tu kama mtu alizaliwa ndani ya jimbo analoishi au la.

Sayansi ya vinasaba imeongeza ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2000 Bryan Sykes alichapisha utafiti juu ya wanaume 48 wenye jina lake mwenyewe, jina lenye asili katika vilima hivyo hivyo vya West Yorkshire, na karibu nusu yao walikuwa na kromosomu Y ya aina moja, dalili kwamba jina hilo huenda lilianza na mwanamume mmoja. Hata hivyo kromosomu haitaji shamba wala mwaka. Ernest Shackleton, mvumbuzi wa Antaktika, alizaliwa Ireland mwaka 1874 katika familia ambayo mzee wake Abraham Shackleton, Mquaker wa Yorkshire, alifungua shule huko Ballitore, nchini humo, mwaka 1726. Jina lake linaelekeza kwenye makazi ya Shackleton katika kitongoji cha Wadsworth, lakini Abraham alitoka Harden, katika parokia ya Bingley, nje ya Halifax. Kati ya Wadsworth na Harden kuna maili chache za nyika na karne kadhaa za watu waliohama, na jina peke yake haliwezi kuwataja mmoja mmoja; kazi hiyo ni ya magombo ya Wakefield, wasia za York na madaftari ya parokia mbili, yakisomwa kwa pamoja.