Wapanga-herufi: Habari za Kazi Iliyokwisha

Mtu akishika gazeti mkononi huwaza kazi mbili tu: kazi ya mwandishi aliyetunga maneno, na kazi ya mashine iliyoyapiga chapa. Lakini kati ya hizo mbili palikuwa na watu wengi. Palikuwa na wapanga-herufi, waliookota herufi za risasi moja moja na kuzifunga ziwe kurasa. Palikuwa na wasahihishaji, waliosoma karatasi ya kwanza wakitafuta makosa, tena na watengenezaji wa picha na mabamba. Na karatasi zikiisha kupigwa chapa, wakunjaji, washonaji na watia-jalada walizingoja. Hao wote hawakuiendesha mashine ya chapa, walakini bila wao ingekaa bure. Tunataka kusimulia habari zao, hasa za wapanga-herufi wa Marekani, kwa maana huko kazi hii iligeuka mara mbili, na mara ya pili haikufanana hata kidogo na ya kwanza.

Tangu Gutenberg alipotoa Biblia yake mjini Mainz karibu na mwaka 1455, ilipita miaka zaidi ya 400, na mpanga-herufi alikuwa bado amesimama mbele ya sanduku lake, akichota herufi kwa vidole. Mashine za chapa zilikwisha kupata nguvu ya mvuke, zikimeza karatasi kwa maelfu. Mkono wa mtu ulibaki ule ule. Ndiyo sababu magazeti ya kila siku yalikuwa membamba, kurasa nane hivi.

Ndipo alipotokea Ottmar Mergenthaler, kijana wa Ujerumani aliyefundishwa kazi ya saa, akahamia Marekani mwaka 1872. Mashine yake, iitwayo Linotype, ilianza kazi katika gazeti la New York Tribune mwezi wa Julai 1886. Mtu aliketi mbele ya vibonyezo 90. Kila alipobonyeza, kalibu ndogo ya shaba ilishuka ikajipanga na wenzake. Mstari ukitimia, risasi ya moto iliyochanganywa na bati na antimoni ilimiminwa, na mstari mzima ukatoka kama kipande kimoja. Kisha kalibu zikapanda tena, kila moja ikarudi mahali pake. Mtu mmoja alifanya kazi ya watu wanne au watano.

Je, wale wanne walikwenda wapi? Ungedhani walipoteza kazi. Wako waliopoteza kweli, hasa wazee ambao vidole vyao havikuzoea vibonyezo. Lakini kwa jumla mambo yalikwenda kinyume cha hofu yao. Kazi ilipokuwa rahisi, magazeti yaliongeza kurasa, vitabu vikashuka bei, wasomaji wakazidi, na wapanga-herufi wakatakiwa kuliko zamani. Na chama chao, kilichoundwa mwaka 1852, kilitenda kwa akili. Hakikuvunja mashine wala hakikuikataa. Kilidai tu kwamba atakayeketi mbele yake awe mpanga-herufi wa chama, kwa mshahara wa chama. Hata miaka ya 1905 na 1906 waligoma wapate siku ya kazi ya saa 8, wakati wafanyakazi wengi wa viwanda walikuwa bado wanafanya kazi saa 10 au zaidi.

Tuongeze neno moja hapa. Viziwi wengi walipata riziki kwa kazi hii. Chumba cha mashine hizo kilikuwa na kelele za kumchosha mtu mwenye masikio, lakini kiziwi hakuudhika nazo. Kwa hiyo shule nyingi za viziwi za Marekani zilifundisha kupanga herufi, na wanafunzi wake wakapokewa katika magazeti makubwa.

Mgeuko wa pili ulianza polepole, kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Karani yeyote mwenye kujua kupiga taipu aliweza kuutoboa, na mashine ikaufuata pasipo fundi kuketi mbele yake. Wapanga-herufi wa New York waliona hatari. Tarehe 8 Desemba 1962, wakiongozwa na Bertram Powers, waligoma. Mgomo ukadumu siku 114, hata tarehe 31 Machi 1963. Walipata nyongeza ya mshahara na masharti juu ya utepe ule, lakini ushindi huo ulikuwa na uchungu wake. Mwezi wa Oktoba 1963 gazeti la Mirror lilikufa. Na kabla ya mwaka 1967 kwisha, katika magazeti makubwa saba ya mji ule yalibaki matatu.

Wala hatuwezi kuwasifu kwa kila jambo. Palikuwa na desturi ya ajabu: tangazo la biashara likiletwa tayari limekwisha kupangwa mahali pengine, wapanga-herufi wa gazeti walilipanga upya, wakalisahihisha, kisha risasi ile ikarudishwa kuyeyushwa bila kupigwa chapa. Ilikuwa njia ya kulinda kazi. Mtu mzima kufanya kazi ya kutupwa, naye anajua ni ya kutupwa! Sisi tunaona hapo heshima ya fundi ilikwisha kuingia ugonjwa kabla ya kompyuta kufika.

Mwaka 1974 chama cha New York kilifanya mapatano ya miaka 11 na magazeti ya Times na Daily News. Wenye magazeti walipata ruhusa ya kuleta kompyuta wapendavyo. Na mafundi wa kudumu, karibu 1,800, waliahidiwa kazi mpaka siku ya kustaafu. Aliyeondoka hakurithiwa na mwingine. Tuyapime mapatano hayo bila haraka. Baba alipata mkate wake mpaka uzeeni, na hilo si jambo dogo. Mafundi wengi wa nchi nyingine waliambiwa waende zao siku moja tu, kama wale wa London, zaidi ya 5,000, walioachishwa mwaka 1986. Lakini mlango wa wanagenzi ulifungwa. Katika kazi hii mara nyingi baba alimleta mwanawe. Sasa baba alibaki ndani peke yake.

Usiku wa tarehe 1 Julai 1978 Times lilipangwa kwa risasi mara ya mwisho, na mambo yale yakatiwa katika filamu. Jina lake, Farewell, Etaoin Shrdlu, lina herufi za safu mbili za kwanza za vibonyezo vya Linotype: fundi akikosea mstari alizishusha zote kwa kidole ili aujaze autupe, na pengine ulisahauliwa ukatoka gazetini, wasomaji wakashangaa ni lugha gani. Mashine ya zamani ilitoa mistari 14 kwa dakika. Ile mpya ilitoa 1,000.

Hata hivyo, mbio si jambo kubwa kuliko yote. Linotype nayo ilikuwa na mbio, ikaongeza watu. Tofauti ilionekana mwaka 1985, zilipotoka pamoja mashine ya chapa ya mezani ya Apple na programu ya PageMaker. Tangu hapo mwenye maneno aliweza kuyapanga mwenyewe nyumbani kwake. Mwaka 1993 ikaja PDF, na mteja akapeleka kurasa zilizo tayari. Kazi haikufanywa upesi tu. Ilihama, ikaingia katika meza ya mteja, ambaye halipwi kwa kuifanya.

Hata wakuu wa takwimu hawakuliona. Mwaka 2000 Marekani ilikuwa na wapanga-kurasa wa kompyuta 38,000, na ofisi ya serikali ilitabiri kwamba watazidi kwa 67 katika 100 hata mwaka 2010. Mwaka huo ulipofika, walikuwa karibu 23,000. Wakati ule ule wafanyakazi wote wa chapa walishuka kutoka zaidi ya 800,000 wakawa chini ya 500,000, kwa kuwa wasomaji wenyewe walianza kuiacha karatasi.

Sisi tulizaliwa baada ya risasi kupoa. Kila Jumamosi usiku tunapanga karatasi ya matangazo ya Dominika kwa kompyuta ya parokia: ni sisi mwandishi, ni sisi mpanga-herufi, ni sisi msahihishaji. Mwaka uliopita tulitangaza ndoa. Jina la bibi arusi lilitoka mara mbili, la bwana arusi halikuwapo. Ndugu zake walitufikia mlangoni mwa sakristia kabla hatujavua kanzu.