Gari la zamani na alkoli ya muwa: Brazili ilijifunza nini

Kila mara bei ya esanse inapopanda, kuko mutu anayeuliza: miwa tuko nayo, muhogo tuko nao, juu ya nini tusitengeneze alkoli na kuichanganya na esanse? Na kila mara fundi wa garaji anamujibu: "Ile kitu itaua ma moteri ya zamani." Wandugu, kila mumoja wao ameshika kipande cha ukweli. Njo maana leo nataka tufuate historia ya inchi iliyoweka ile alkoli ndani ya magari mengi kabla ya wengine: Brazili. Mimi nilisoma kilimo, sikusoma mekaniki, lakini mutaona kama hii mambo inaanzia shambani na inarudia shambani.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Alkoli tunayosema, jina lake etanoli, ni ile ile iko ndani ya lutuku. Chachu inakula sukari, inaacha alkoli. Unachemsha, mvuke unapoa, unakusanya. Ila ile ya kuchanganya na esanse inapaswa kutolewa maji karibu yote. Maji yakizidi, alkoli inaachana na esanse, inashuka nayo chini ya tangi, na moteri inavuta maji.

Brazili haikuanza juzi. Katika mwaka 1931, serikali ya Getúlio Vargas iliamuru esanse yote inayotoka ngambo ichanganywe na alkoli 5%. Sababu haikuwa gari. Mushituko wa uchumi wa 1929 ulikuwa umeangusha bei, na sukari ilikosa wanunuzi. Mwaka 1933 wakaunda ofisi ya serikali ya kusimamia sukari na alkoli. Tangu mwanzo basi, ule muchanganyo ulikuwa dawa ya mwenye shamba la miwa kuliko dawa ya mwenye gari.

Kisha ikaja 1973. Bei ya petroli ikapanda karibu mara ine kwa miezi michache, na Brazili ilikuwa inanunua ngambo karibu 80% ya petroli yake. Nyuma kidogo, bei ya sukari ikaanguka tena. Tarehe 14 Novemba 1975, Rais Ernesto Geisel akatia sahihi mupango ulioitwa Proálcool: mikopo ya bei nafuu kwa viwanda, soko la hakika kwa alkoli, na lengo la kupandisha muchanganyo mpaka karibu 20%.

Sasa, barabarani kulikuwa magari gani? Fusca za Volkswagen na wenzake, magari ya karbirateri yaliyotengenezwa kwa esanse tupu. Ndiyo magari tunayoita leo ya zamani. Na hapa fundi wetu wa garaji ana haki, sababu mambo ine yanaweza kuyapata.

Ya kwanza ni kutu. Alkoli inavuta maji ya hewani, na ikikaa inakula zinki na alumini ya karbirateri pamoja na tangi la bati. Ya pili ni mipira: mipira ya zamani inavimba, inalainika, kisha inapasuka. Ya tatu inadanganya watu wengi. Alkoli inasafisha, uchafu uliolala ndani ya tangi miaka kumi unaachilia, unakimbilia filtri, gari linazimika njiani. Mutu anasema alkoli imeua moteri, kumbe filtri tu imejaa. Ya ine ni hewa. Etanoli ina oksijeni ndani yake, karibu 35% ya uzito, na litre yake moja inatoa nguvu kama theluthi mbili tu ya litre ya esanse. Kama jikleri, kale katundu kadogo kanakopitisha esanse, ingali ya kipimo cha zamani, moteri inapata mafuta kidogo na hewa nyingi: inapata moto, inasitasita.

Lakini tuangalie kipimo. Kwa muchanganyo wa 10%, gari linaongeza matumizi kwa karibu 3%, na magari mengi yanavumilia kama mipira na filtri ni mizima. Kwa 20% inafaa mutu aguse karbirateri. Kwa alkoli tupu, hapo inabidi kubadilisha moteri yenyewe. Ni mambo matatu mbalimbali, na watu wanayatia katika mufuko mumoja.

Wabrazili waliyatofautisha. Katika kituo cha utafiti wa ndege cha São José dos Campos, enjinia Urbano Ernesto Stumpf na kundi lake walichukua moteri za kawaida na kuzizoesha alkoli. Mwaka 1976 wakazungusha inchini magari matatu yenye moteri za namna ile, moja likiwa Fusca, ili watu waone kwa macho. Mwaka 1979 Fiat ikatoa gari lake la 147 la alkoli tupu, la kwanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Watu wakalipa jina la kinywaji chao cha miwa, "Cachacinha", sababu ya harufu ya moshi wake. Viwanda vikajifunza kupaka karbirateri nikeli, kukinga tangi na kutu, na kuweka katangi kadogo ka esanse ka kuwashia moteri asubuhi ya baridi.

Shida kubwa ilitoka katika magari yaliyokwisha kuwa barabarani. Bei ya alkoli ilikuwa nzuri, kila mutu akataka kugeuza gari lake upesi. Kulikuwa garaji zilizojua kazi, na kulikuwa zile zilizobadilisha jikleri tu na kushika feza. Baada ya miezi, kutu na asubuhi za kusukuma gari. Mwaka 1981 bei ya alkoli ikapanda pia, na watu wakayakimbia magari yake. Serikali na viwanda wakarudi kazini: alkoli ikawekwa tena chini ya esanse kabisa, kodi ya magari yake ikapunguzwa, moteri zikarekebishwa. Kufika 1985 na 1986, katika magari mapya 10 yaliyouzwa, zaidi ya 9 yalikuwa ya alkoli. Mekaniki ilikuwa imeshinda.

Halafu ikaja 1989, na hapa wenzangu wa kilimo muniangalie vizuri. Tangu 1986 petroli ilikuwa imeshuka bei na serikali haikuwa tena na feza za kusaidia kama mwanzo. Sukari, yenyewe, ikapanda bei kwenye soko la dunia. Mwenye kiwanda akahesabu: muwa ule ule, nikamue sukari ao alkoli? Akachagua sukari. Alkoli ikakosekana, foleni zikajaa kwenye stasyo, na mamilioni ya watu wakabaki na magari yasiyojua kunywa kitu kingine. Brazili ikalazimika kununua alkoli ngambo, na hata metanoli, ambayo ni sumu, ikachanganya zote na esanse kidogo ili magari yatembee. Katikati ya miaka ya 1990, karibu hakuna aliyenunua tena gari jipya la alkoli. Imani ilirudi tu mwaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol inayokunywa esanse, alkoli, ao zote mbili. Dereva akapata uhuru wa kuchagua kila siku. Muchanganyo haukuachwa: tangu Agosti 2025 esanse ya kawaida kule ina etanoli 30%.

Musidhani ni inchi za miwa tu zinazopata hii shida ya imani. Mwaka 2011, Ujerumani ilileta esanse ya 10%. Magari mengi sana ya kule yaliweza kuitumia bila neno. Lakini watu hawakuelezwa vizuri gari gani linaweza na gani haliwezi, basi wakaikataa, wakalipa zaidi kwa ile ya zamani, mpaka waziri akaita mukutano wa haraka.

Na karibu na sisi kuko Malawi. Inchi haina bahari, na vita vya Musumbiji vilikuwa vinakata njia zake za bandari. Tangu 1982 inatengeneza etanoli kule Dwangwa, pembeni ya kiwanda cha sukari, kwa kutumia molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki sukari ikitoka. Hawakuhitaji shamba jipya kwa kuanza.

Sasa turudi kwetu. Esanse ya Lubumbashi inafika kwa makamiyo toka mbali, na magari yetu mengi yanafika yamekwisha kuzeeka kwa wengine. Basi ule wazo la muchanganyo si ya kuchekwa. Lakini anayeileta anapaswa kujibu maulizo matatu mbele ya kufungua pompe. Nani atasema wazi, kwenye stasyo, iko alkoli ngapi ndani? Nani atafundisha mafundi wetu kubadilisha mipira, filtri na jikleri, ili mutu wa taksi asilipe peke yake? Na muwa utatoka wapi siku bei ya sukari itapanda?

Ile ya tatu ni yetu, wandugu wa agronomi. Kule Brazili tani moja ya muwa inatoa karibu litre 80 za alkoli, na hektari moja karibu litre 6,000 kwa mwaka. Ni hesabu tamu, na mwanasiasa anaipenda. Lakini ile hektari inaweza kuwa ya mama anayelima maharagi. Kuanza na molasi, pale kiwanda cha sukari kinatembea, hakumunyanganyi mutu shamba. Kuanza na muhogo, wakati watu bado wanautafuta kwa sahani, ni kuhamisha foleni: kuitoa kwenye stasyo na kuipeleka sokoni.

Fundi wa garaji anaogopa karbirateri, na iko dawa ya karbirateri. Mimi naogopa zaidi ile hesabu ya 1989, sababu haitengenezwi na ufunguo wa garaji.