Mshipa wa fahamu ukikatika, daraja anajenga nani?

Tuseme kioo kimekukata kwenye kifundo cha mkono. Ngozi imeshafunga, lakini kidole cha mwisho na jirani yake vina ganzi. Hapo huenda kilichokatika ni mshipa wa fahamu, yaani neva. Bahati nzuri, neva za mikono na miguu huweza kuota tena, tofauti na za uti wa mgongo. Shida ni pale ncha mbili zinapoachana. Uzi mpya unavukaje pengo? Jibu limechukua zaidi ya miaka 160.

Mwaka 1850 Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, kisha akazichunguza kwa hadubini siku zilizofuata. Kipande kilichotengana na ubongo kikavunjikavunjika. Cha upande wa ubongo kikabaki hai. Leo tunajua kwa nini: kila uzi wa neva ni mkono mrefu wa seli moja, na ukitengwa na seli yake unakufa.

Basi nyuzi mpya zinatoka wapi? Ubishi ukawa mkali. Wapo waliosema kipande kilichotengwa hujitengenezea nyuzi zake palepale. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akakataa. Katika kitabu alichotoa mwaka 1913 na 1914 alionyesha nyuzi zikichipuka kutoka kisiki cha juu, kila moja ina ncha iliyovimba inayopapasa njia. Kwenye pengo, nyingine zilipotea kabisa, nyingine zikageuza kurudi zilikotoka!

Usidhani huo ulikuwa ubishi wa maprofesa tu. Kama uzi lazima usafiri kutoka juu, basi muda ni mali. Kasi yake ni kama milimita 1 kwa siku. Ukikatwa karibu na kiwiko, sentimita 30 kutoka msuli wa kiganjani, hizo ni siku 300 hivi. Na msuli hausubiri milele: ukikaa muda mrefu bila neva unasinyaa, mwishowe hata uzi ukifika haumfai mtu.

Kwa miaka mingi madaktari walizivuta ncha mbili kwa nguvu mpaka zikutane, wakashona. Hanno Millesi wa Vienna alionyesha kwamba mshono uliovutwa huzaa kovu, na kovu linaziba njia. Mwaka 1972 alieleza upasuaji wake: alitoa neva ya nyuma ya mguu, akaikata vipande na kuvipandikiza kwenye pengo bila kuvuta chochote. Nyuzi za kipandikizi zinakufa, kama Waller alivyoona. Ila seli za Schwann, zile zinazozifunika nyuzi, zinabaki pamoja na mifereji yake, na uzi mpya unapita humo. Gharama yake ni ganzi ya kudumu pembeni mwa wayo.

Je, inawezekana bila kuiba neva ya mguu? Mwaka 1982 Mswidi Göran Lundborg na wenzake waliziingiza ncha mbili za neva ya panya ndani ya mrija wa silikoni. Pengo la milimita 10 likavukwa. La milimita 15 likashindikana. Na ncha ya chini ikikosekana, neva haikuvuka vizuri hata pengo fupi. Kumbe kile kipande "kilichokufa" bado kinaita.

Mwaka 2015 watafiti wa London wakaona, kwa panya, nani anaanza kazi. Katikati ya pengo hewa ya oksijeni ni haba. Seli za kinga zilizokusanyika pale zinauhisi upungufu huo, zinatoa ishara, na mishipa midogo ya damu inakua kuvuka. Seli za Schwann zinatambaa juu ya mishipa hiyo, na nyuzi za neva zinazifuata. Damu ndiyo inatangulia.

Pengo refu bado linatushinda mara nyingi. Lakini wewe msomaji ondoka na hili: jeraha likipona huku kidole kina ganzi au hakina nguvu, usijiambie kitazoea. Mwone daktari mapema na umwambie hivyo hivyo. Ule uzi una safari ndefu, na kila wiki unayochelewa msuli unazidi kusinyaa.